Chumba cha wavutaji kina mtu kazini: barua ya wazi kwa mawaziri wa Afya na Leba, magavana na wasimamizi wa kamari nchini Kenya

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa dila wa kasino. Kwa asiyeijua kazi hii, dila ndiye anayegawa karata, anayezungusha gurudumu la ruleti na kukusanya chipu zilizoliwa, yaani vile vibao vinavyochezewa badala ya fedha. Nimeifanya miaka kumi na minne hapa Mombasa, na kabla ya hapo nilihudumu katika baa miaka mitatu. Sijawahi kuvuta sigara hata moja. Naanza na hilo kwa sababu mwaka jana daktari alinisikiliza kifua, akaniuliza navuta pakiti ngapi kwa siku.

Nilipomwambia sivuti, aliuliza tena kwa njia nyingine, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema kweli. Na mumeo? Mume wangu havuti. Basi unafanya kazi wapi? Nilipomtajia, aliweka kalamu chini.

Sikumlaumu. Mama mkwe wangu, Kaloleni, alinishuku vivyo hivyo kwa miaka. Nikifika kijijini asubuhi moja kwa moja kutoka kazini, nanuka sigara nguo, nywele, hata mkoba. Hakuniambia usoni. Alimtuma wifi yangu aniulize kwa upole, tukiwa jikoni wawili. Tangu siku hiyo nabeba nguo za kubadili na leso ya kufunga kichwani, na mwanangu wa mwisho alikua akijua kwamba mama habebi mtoto mpaka aoge.

Sasa nieleze chumba chenyewe, maana nadhani wengi wenu hamjawahi kukaa humo zaidi ya dakika kumi.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza kuvuta sigara mahali pa umma. Anayevunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi sita. Lakini sheria hiyo hiyo imeacha mlango: mwenye jengo anaweza kutenga sehemu ya wavutaji. Katika uwanja wa ndege mlango huo hauna shida kubwa. Msafiri anaingia, anavuta, anatoka, na hakuna anayemfuata humo na trei. Katika kasino na baa mambo ni mengine kabisa, kwa kuwa sehemu ya wavutaji ndiyo biashara yenyewe. Humo ndani mna meza za karata, mna mashine, mna kaunta ya vinywaji. Mteja hakai dakika tano, anakaa saa tano. Na kila meza ina mtu anayeisimamia, kila kinywaji kina anayekileta, kila kisahani cha majivu kina anayekimwaga.

Walioandika sheria walimfikiria mteja asiyevuta, wakamjengea ukuta. Walimfikiria na anayevuta, wakampa pa kuketi. Sisi tuliokuwa tumesimama kati yao hatukuonekana.

Meza ya blakijaki, mchezo wa karata, ni nusu duara. Wachezaji wanakaa upande wa duara, wote wamenielekea, na wakipuliza moshi unakuja kwangu kama umeitwa. Siwezi kugeuza uso, kwa sababu macho yangu lazima yabaki kwenye karata na mikono ya watu. Siwezi kupunga moshi, kwa sababu kila mwendo wa mkono wa dila unatazamwa na kamera iliyo juu ya kichwa chake, na mkono unaopunga hovyo ni mkono unaotiliwa shaka. Nimefunzwa kukunjua viganja na kuvionyesha kabla sijaondoka mezani. Hakuna aliyenifunza nifanye nini na pumzi. Tunakaa mezani dakika arobaini au saa nzima, tunapumzika dakika ishirini, tunarudi, kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri.

Mwenzangu mmoja alishika mimba akiwa kwenye meza hizo. Aliomba ahamishiwe upande usiovutwa. Aliambiwa upande huo umejaa, na kama hawezi kazi achukue likizo bila mshahara. Alibaki mpaka mwezi wa saba. Mtoto alizaliwa mdogo sana. Siwezi kuapa kwamba ni moshi, na mama yake pia hawezi, na kutojua huko ndiko kunakomnyima usingizi mpaka leo. Siitaji kampuni wala sitaki kuitaja. Nimefanya kazi zaidi ya mahali pamoja na desturi ni ile ile.

Mtaniambia kuna mashine za kunyonya hewa. Ndiyo, zipo. Zinaondoa harufu kiasi na zinafanya ukungu usionekane, jambo linalomfurahisha mteja. Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti nene kuhusu moshi wa sigara za wengine, ikasema hakuna kiwango chake kisicho na madhara, na kwamba kusafisha hewa au kutenganisha wavutaji ndani ya jengo moja hakumlindi asiyevuta. Mwaka uliofuata nchi wanachama wa Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya iliuridhia tangu 2004, zilikubaliana kwenye mwongozo wao kwamba feni, vichujio na vyumba vya kutengwa havitoshi. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na kadiri ya 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Shirika hilo linasema watu wasiovuta zaidi ya milioni moja hufa kila mwaka kwa moshi wa wengine. Kwa hiyo tulijua. Sheria yetu ilianza kutumika wakati mwongozo huo umeshapitishwa, na chumba kikabaki.

Na tunajua pia kinachotokea moshi ukiondolewa. Jimbo la California lilipiga marufuku sigara katika baa zake Januari 1998. Watafiti walikuwa wamewapima wahudumu 53 wa baa za San Francisco kabla ya siku hiyo, wakawapima tena baadaye. Kabla ya marufuku, 39 kati yao walikuwa na kikohozi, makohozi, kupungukiwa na pumzi au kupiga miluzi wakipumua. Wiki chache baadaye, 23 kati ya hao 39 hawakuwa na dalili hizo tena. Sikusoma hayo nikiwa nimetulia. Nilihesabu wenzangu wa shifti mmoja mmoja, nikajiuliza ni nani kati yetu angekuwa katika wale 23, na nani amechelewa.

Huko Ottawa, Kanada, kulikuwa na mhudumu wa hoteli aliyeitwa Heather Crowe. Alibeba sahani na vikombe miaka arobaini, hakuvuta sigara maishani mwake, na mwaka 2002 akaambiwa ana saratani ya mapafu. Bodi ya fidia ya wafanyakazi ilikubali kwamba ugonjwa ule ameupata kazini. Miaka aliyobakiza aliizunguka nchi yake akiwaomba viongozi wafunge mlango huu ninaowaomba ninyi. Alikufa Mei 2006. Ireland ilikuwa imeshaufunga tarehe 29 Machi 2004, ikawa nchi ya kwanza duniani kuondoa moshi katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo, katika taifa ambalo baa ni sebule ya kila mtu. Na waliipitisha kama sheria ya kumlinda mfanyakazi. Hapo ndipo sisi tulipokosea njia. Sisi tuliifanya hoja ya adabu kati ya wateja.

Sasa niingie kwenye fedha, maana najua barua hii itajibiwa kwa fedha. Wenye kasino na baa husema mvutaji akinyimwa kiti chake ataondoka, mapato yatashuka, na mimi mwenyewe nitakosa kibarua. Hoja hii siidharau. Mshahara huu ndio uliowasomesha wanangu, na wavutaji ndio wanaoacha bakshishi nzuri. Ni wateja wangu wa miaka mingi, wengine nawajua kwa majina ya watoto wao, na simchukii hata mmoja.

Lakini tazameni Macau, mji wa China unaojulikana duniani kwa kasino zake. Walianza mwaka 2013 kwa kugawa ukumbi, nusu wavutaji nusu wasiovuta, ikashindikana kama inavyoshindikana kwetu. Wakabana mwaka 2014. Kuanzia Januari 2019 wakaamua kwamba hata katika vyumba vya matajiri mtu hatavuta mezani. Anayetaka kuvuta anaingia kwenye chumba cha kuvutia ambacho hakina meza ya kamari wala mashine. Yaani hakuna dila ndani. Mapato yao mwaka huo yalipungua kwa asilimia tatu na kitu, katika mwaka ambao uchumi wa China wenyewe ulikuwa umepunguza kasi. Kasino zile hazikufungwa.

Na nitasema jambo ambalo wenye biashara hawalisemi hadharani, ingawa kila dila analijua. Hofu yao kubwa si kwamba mvutaji atahamia kwingine. Atahamia wapi, ikiwa sheria ni moja kwa wote? Hofu yao ni kwamba atasimama. Mtu aliyekaa mbele ya mashine akiwa na sigara mkononi hana sababu ya kuinuka. Akilazimika kutoka nje kuvuta, anapigwa na upepo wa bahari, anatazama saa, anafungua pochi na kuhesabu. Wengine wakitoka hivyo hawarudi, wanaingia tuktuk na kwenda kwa watoto wao. Nimeona hayo kwa macho yangu umeme ulipopotea na wateja wakalazimika kusimama nje nusu saa. Mteja anayeondoka baada ya kuhesabu fedha zake hajafukuzwa na marufuku ya sigara. Ameamka. Sidhani serikali ina wajibu wa kuilinda biashara dhidi ya hilo, hasa serikali iliyotoka kutunga sheria mpya ya kamari mwaka 2025 kuchukua mahali pa ile ya 1966.

Upande wa baa hata maelezo mengi hayahitajiki. Baa zetu nyingi zina ua, zina makuti, zina meza chini ya mwembe. Nchi hii si ya theluji. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku ya namna yoyote, pamoja na ya kutafuna na ya kunusa, ni kama 12 tu kati ya kila 100. Wale 88 nao hunywa soda na bia, hula nyama choma, huja na wake zao. Nilipokuwa mhudumu wa baa nilikuwa na mteja mwenye pumu aliyekuja Jumatatu tu, kwa kuwa siku hiyo ukumbi ulikuwa mtupu. Hakuna aliyewahi kuhesabu biashara tuliyoipoteza kwake siku nyingine sita.

Kuna jambo linaloniuma zaidi, nalo ni jinsi sheria inavyotekelezwa. Askari humkamata mvutaji barabarani. Mtu amesimama kwenye upepo, kando ya ukuta, moshi wake unapaa mbinguni, anazungukwa, anapandishwa gari, na mara nyingi jambo linamalizwa kabla halijafika kituoni, mnajua kwa njia gani. Huku ndani, katika chumba kisicho na dirisha, watu thelathini wanavuta kwa pamoja na hakuna anayebisha hodi. Basi mvutaji anajifunza nini? Anajifunza kwamba nje ni hatari na ndani ni salama. Sheria iliyotungwa kuwalinda watu na moshi imeuondoa moshi mahali pasipo na kuta na kuuleta nilipo mimi.

Maafisa wa afya nao hawaji usiku. Kwa miaka yangu yote nimeona wakaguzi mchana, ukumbi umepigwa deki, feni zinazunguka, kibandiko cha onyo kimefutwa vumbi. Saa tisa alasiri kasino ni safi kama zahanati.

Siwezi kufunga barua bila kuwataja vijana wa shisha. Shisha ilipigwa marufuku kwa kanuni za Desemba 2017. Mwanzoni mwa 2024 mahakama ya Shanzu, hapa hapa kwetu, iliwaachilia watu walioshtakiwa kwa ajili yake, ikisema kanuni zile hazikukamilishiwa utaratibu uliotakiwa. NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ikatangaza kwamba marufuku bado ipo. Katikati ya kauli hizo mbili kuna kijana wa miaka ishirini anayewasha makaa nyuma ya jiko. Anayapuliza, anayapanga juu ya bakuli, kisha anavuta yeye mwenyewe mara kadhaa mpaka moshi ushike, ndipo anampelekea mteja bomba limekwisha kuwaka. Kwa usiku mmoja anawasha mabomba ishirini. Polisi wakija, yeye ndiye anayeonekana na koleo mkononi. Tajiri wake yuko nyumbani amelala. Nawasihi mrekebishe kanuni hizo zisimame mbele ya mahakama, na zimshike mwenye leseni.

Ninachoomba hakihitaji kuanzisha jambo jipya. Uganda, majirani zetu, katika sheria yao ya 2015 iliyoanza kufanya kazi Mei 2016, walikataza kuvuta ndani ya sehemu zote za umma na za kazi, bila chumba cha pembeni. Kampuni ya sigara ilikwenda Mahakama ya Katiba, ikashindwa mwaka 2019. Kwetu pia kampuni ilizipinga Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014 mpaka Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019. Kwa hiyo msiniambie mikono yenu imefungwa. Kuna muswada wa marekebisho wa 2024 uliopelekwa Seneti, ambao mazungumzo yake mengi yamekuwa juu ya vifuko vya nikotini na sigara za kielektroniki. Ni mambo ya maana, yanawaharibu watoto wetu. Lakini mkiwa mmeshafungua sheria, futeni pia kifungu kinachoruhusu sehemu ya wavutaji ndani ya jengo. Wakitaka kuvuta, wavutie nje, mbali na mlango. Na kama hilo ni zito kwenu kwa sasa, basi fanyeni kama Macau na mwandike sentensi moja tu: hakuna mfanyakazi atakayehudumu ndani ya chumba hicho. Wasimamizi wa kamari mnaweza kuliweka hilo katika masharti ya leseni.

Msiache nafasi ndogo ya kupenyea mkidhani mtairekebisha baadaye. New Jersey, huko Marekani, ilipitisha sheria yake ya hewa safi mwaka 2006, ikaondoa sigara katika baa na mikahawa, ikaziruka kasino za Atlantic City. Madila wenzangu wa kule bado walikuwa wanapigania hewa hiyo mwaka 2024, wakaenda mahakamani, na Agosti mwaka huo jaji akawaamulia vibaya. Miaka kumi na minane ilikuwa imepita, na mtoto aliyezaliwa sheria ilipotungwa alikuwa ameshakuwa mtu mzima.

Kwa Waziri wa Leba nina neno la peke yake. Mwaka ule ule wa 2007 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayomtaka mwajiri ahakikishe usalama na afya ya kila anayefanya kazi kwake. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya mazingira yanayofaa ya kazi, na kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Mchimba mawe akipumua vumbi, mkaguzi wenu anajua la kufanya. Mimi nikipumua moshi wa watu saba kwa saa nane, naambiwa niliyakubali mwenyewe, na kweli nilitia sahihi karatasi iliyosema hivyo siku niliyoajiriwa. Nilikuwa na miezi minne ya kodi niliyodaiwa. Ningetia sahihi karatasi yoyote.

Na kwa Waziri wa Afya, Kanuni zile za 2014 zinazitaka kampuni za tumbaku zichangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwenye hazina ya kudhibiti tumbaku. Tengeni sehemu ya hizo mtupime mapafu, sisi madila, wahudumu wa baa, vijana wa shisha na akina mama wanaopiga deki alfajiri. Hakuna anayejua sisi ni wangapi tunaokohoa, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuuliza. Daktari wangu aliandika kwenye faili neno moja, "mvutaji", akalikata, akaandika jina la kazi yangu juu yake.

Magavana, nanyi tumeni maafisa wenu wa afya. Wasije saa tisa alasiri. Waje Ijumaa, saa saba usiku, wasipige simu kwanza, wasikae kwenye ofisi ya meneja. Waingie mpaka chumba cha ndani, wavute kiti kwenye meza yoyote, wakae humo shifti moja nzima pamoja nasi. Ijumaa hii niko kazini.

Wenu,
Dila wa kasino, Mombasa